Mbunge wa Misibani

Watu wa Mwajilunga, kitongoji kimoja cha kata ya Sapiwi, walikuwa na wabunge wawili. Wa kwanza alikuwa Mheshimiwa Deogratias Sayi, aliyekaa bungeni Dodoma miaka kumi, na ambaye walimwona zaidi kwenye kalenda kuliko kwa macho. Wa pili alikuwa Ngassa Maduhu. Huyu hakupigiwa kura na mtu yeyote, lakini walimwona kila mahali palipokuwa na kilio.

Kazi ya Ngassa haikuwa na jina kwenye makaratasi ya serikali wala ya chama. Mwenyewe alijitambulisha kama "mwakilishi wa Mheshimiwa katika masuala ya kijamii", akipumua katikati kwa sababu cheo kilikuwa kirefu. Watu wa huku hawana subira na maneno marefu. Walimwita Mbunge wa Misibani, naye jina hilo alilichukia kwa siku tatu, akalizoea, mwisho akalipenda.

Kabla ya hapo alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha ushirika. Msimu wa pamba kila mkulima alipita mbele yake na mafurushi yake, na Ngassa akajua nani mtoto wa nani, nani kaoa wapi, nani humwagia pamba maji ili ipande uzito, na nani huona haya kufanya hivyo. Mambo hayo yote aliyahifadhi kichwani. Kichwa cha Ngassa hakikusahau mtu, awe hai au marehemu.

Kichwa hicho ndicho kilichomvutia Sayi mwaka aliogombea mara ya kwanza. Siku ya mkutano wa kampeni mgombea alimwona mzee mmoja mstari wa mbele, akampa mkono kwa furaha na kumuuliza kaka yake hajambo. Kaka mtu alikuwa kaburini mwaka wa pili. Kabla mzee hajajibu, Ngassa, aliyesimama karibu tu kwa umbea wake, alimnong'oneza mgombea: "Kafariki. Muulize habari ya ng'ombe wake mwekundu, kazaa mapacha." Sayi akauliza habari ya ng'ombe mwekundu. Mzee akacheka mpaka akafuta machozi, na watu wakasema huyu kijana anatujua. Baada ya ushindi, Mheshimiwa alimtafuta yule mnong'onezaji, akampa pikipiki nyekundu na kazi moja tu: asikose msiba.

Na kweli hakukosa. Mbunge yuko Dodoma kwenye bajeti, watu huku wanakufa bila kuangalia ratiba ya Bunge. Ngassa angefika na shati jeupe, angesubiri padri au mchungaji amalize, kisha angesimama. "Ndugu zangu wafiwa, Mheshimiwa angetamani kuwa nanyi, lakini majukumu ya taifa yamemshika. Nilipompigia simu kumpa habari hizi, alinyamaza muda mrefu." Hapo wanawake wangeguna kwa huruma. Ni kweli kwamba simu ilikuwa imenyamaza muda mrefu. Mtandao wa Sapiwi haujawahi kuwa na haraka. Mara nyingine Mheshimiwa alikuwa hajaambiwa kabisa. Lakini Ngassa angeendelea kusema kile ambacho Mheshimiwa alikikumbuka kuhusu marehemu: jinsi alivyocheza ngoma ya nyoka ujana wake, jinsi alivyomgawia jirani mbegu mwaka wa njaa. Watu waliondoka wamefarijika, wakisema mbunge wetu hata kama hatumwoni, ana moyo.

Mheshimiwa Sayi mwenyewe, tumpe haki yake, hakuwa mbunge mbaya. Kipindi cha kwanza aliuliza maswali ya nyongeza manne na kuunga mkono hoja mia kwa mia mara zisizo na idadi. Zahanati ilipata paa. Kipindi cha pili aliteuliwa naibu waziri, na ngoma zikapigwa Bariadi siku nzima. Kwa miezi saba Ngassa akawa anasema "Mheshimiwa Naibu Waziri" kwa sauti iliyoshuka hadi tumboni. Siku mkeka mpya wa uteuzi ulipotoka bila jina la Sayi, Ngassa alikuwa msibani, katikati ya hotuba. Mtu mmoja mwenye redio ya mkononi akainua mkono. "Mzee, huyo si naibu tena tangu saa nne." Ngassa hakutetereka. "Ndiyo maana leo amepata nafasi ya kuwakumbuka ninyi," akasema, na msiba ukaendelea.

Lakini kisa chenyewe kiko kwenye daftari.

Mwajilunga wana kikundi cha kuzikana, kama vitongoji vingi vya huku. Kanuni zake mtoto anaweza kuzishika. Kukiwa na msiba, wanawake huleta maji, kuni na unga. Wanaume huchimba kaburi. Kila anayefika anaandikwa kwa jina lake, wanawake upande wao na wanaume upande wao. Na mwanaume asiyewachimbia wenzake, siku yake ikifika, ataanza kuchimba mwenyewe, peke yake, mpaka shimo lifike kiunoni. Hapo ndipo wengine watakaposhika majembe. Wenyewe hawaoni kuwa huo ni ukatili. Wanasema mtu anayejua uzito wa udongo hatakosa msiba tena.

Katibu wa kikundi alikuwa mama mmoja wa makamo, Apolonia, aliyechaguliwa kwa sababu mwandiko wake ulisomeka na moyo wake haukuyumba. Msiba wa kwanza baada ya Ngassa kupata kazi ulitokea hapohapo kitongojini. Akafika, viatu vinang'aa. Apolonia akamuuliza kama alivyomuuliza kila mtu:

"Nikuandike nani?"

Angetaja jina lake tu, pasingekuwa na hadithi. Lakini cheo nacho hulevya, tena hakina hata harufu ya kumwonya mtu. "Leo sikuja kama Ngassa, mayu," akasema. "Andika Mheshimiwa Deogratias Sayi."

Apolonia si mtu wa kubishana na mtu mzima kuhusu jina lake. Akaandika. Na kwa kuwa mbunge hachimbi kaburi, Ngassa naye hakuchimba. Aliwekewa kiti cha plastiki chenye mikono chini ya turubai, pembeni ya padri, na chakula kilipoiva alinawishwa mikono miongoni mwa wa kwanza. Wenzake aliokua nao walikuwa ndani ya shimo wanatoa jasho. Aliwapungia mkono.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka kumi. Kila msiba Apolonia aliuliza, kila msiba akajibiwa vilevile, mpaka akaacha kuuliza. Salu, mwenyekiti wa kikundi, aliliona jambo hilo mapema. Lakini Salu na Ngassa ni mabinamu, watani wa kuzaliwa, na mtani hamwamshi mwenzake anayelala karibu na siafu. Wengine walidhani Salu kamwambia. Salu alidhani Milembe, mke wa Ngassa, kamwambia. Milembe alikuwa na jina lake upande wa wanawake, ndoo kwa ndoo, msiba kwa msiba, na hakuwahi kufunua kurasa za wanaume.

Mtu mmoja tu alikaribia kumgutusha. Ngassa alikuwa akiishi na mama yake, Kwandu, bibi mwembamba wa miaka themanini na kitu, aliyekuwa bado analima viazi vyake mwenyewe. Kila mwanawe aliporudi msibani, Kwandu alimuuliza swali lilelile.

"Kaburi lilikuwa na kina, ng'wanawane?"

"Lilikuwa zuri, mama."

"Sijauliza uzuri. Nimeuliza kina."

Utotoni Kwandu alikuwa ameona jinsi fisi walivyofukua kaburi lililochimbwa kwa uvivu, na hofu hiyo haikumtoka. Kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: akifa, alazwe chini kabisa. Ngassa alimwahidi kila mara. Hakuwa anajua kina cha kaburi lolote, kwa sababu kutoka kwenye kile kiti hakionekani.

Ukaja mwaka wa uchaguzi. Kura za maoni zikapigwa mapema Agosti, na Mheshimiwa Sayi akashika nafasi ya tatu kati ya sita. Mshindi alikuwa mkandarasi mmoja aliyekuwa na tabasamu pana na magari matatu. Hotuba ya kukubali matokeo Sayi aliisoma vizuri kuliko zote alizosoma bungeni. Pikipiki nyekundu ikarudi ofisini, na ofisi yenyewe ikarudi kwa mwenye nyumba.

Wiki mbili baadaye kulikuwa na msiba Mwajilunga. Ngassa alienda kwa miguu, shati jeupe. Kiti chenye mikono kilikuwa na mtu: mwakilishi wa yule mkandarasi, ameshanawa. Ngassa akasimama pembeni ya turubai kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani. Apolonia akamwona, akafunua ukurasa.

"Leo nikuandike nani?"

Hakumdhihaki. Aliuliza kwa sababu hakujua. Lakini Ngassa alisikia kama anazomewa. Akasema kuna ndama wake hajarudi, akaondoka bila kuandikwa jina lolote. Hakwenda pia msiba uliofuata. Alikaa nyumbani akitengeneza ua wa minyaa ambao haukuwa umeharibika.

Kwandu akafa mwisho wa Septemba, asubuhi moja tulivu, baada ya kunywa uji na kulalamika kwamba hauna chumvi.

Mvua zilikuwa bado. Ardhi ya mbuga ikikauka hupasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi, na kati ya ufa na ufa huwa ngumu kuliko sakafu. Kufikia saa tatu wanawake walikuwa wamejaa uani na ndoo vichwani. Kwa Milembe kila mmoja wao alikuwa na wema wa kurudisha. Maji yalichotwa, kuni zikapasuliwa, sufuria zikatengwa. Wanaume nao walikuja. Walikaa kwenye kivuli cha ua, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na jembe.

Ngassa aliwatazama. "Mbona mikono mitupu?" akauliza.

Salu akasimama, akavua kofia. "Binamu, pole sana. Huyu alikuwa shangazi yangu, na uchungu ni wangu pia. Lakini mimi ni mwenyekiti kabla ya kuwa mpwa wake. Mayu Apolonia, soma."

Apolonia akafungua daftari juu ya magoti. "Ngassa Maduhu," akasoma. "Mwaka wa kwanza, hakufika. Mwaka wa pili, hakufika. Wa tatu, hakufika." Akasoma hivyo hadi wa kumi, bila kuongeza wala kupunguza sauti. Kisha akalamba kidole, akafunua. "Deogratias Sayi. Misiba sitini na mmoja. Amefika yote."

Watu wakang'ata midomo, wakijua kwamba msibani hakuchekwi.

"Kwa daftari hili," Salu akasema, "Mheshimiwa akifa leo tutamchimbia kaburi la ghorofa. Wewe, binamu, hatukufahamu."

Damu ilimpanda Ngassa usoni. "Nimesimama kwenye misiba yenu yote!" akasema. "Yote! Nani hapa sikusimama kwake?"

"Hukusimama, baba," Apolonia akamjibu taratibu. "Ulikaa."

Mmoja akapendekeza atoe ng'ombe wa faini, yaishe. Salu akakataa. Ng'ombe hachimbi, alisema, na wakianza kupokea ng'ombe badala ya jembe, wenye ng'ombe wengi hawatagusa udongo tena. Kanuni ni ile ile: kiunoni.

Ngassa hakubishana tena. Aliingia ndani, akamtazama mama yake aliyekuwa amelazwa na kufunikwa shuka jeupe, mdogo kama mtoto wa shule. Mambo mengi yangeweza kumuuma siku ile: cheo kilichopotea, aibu mbele ya watu. Kilichomuuma ni kina. Alikuwa amemwahidi, na sasa aliona wazi kwamba mikono yake ya kushika kipaza sauti haiwezi kufika chini inavyopasa kabla jua halijatua. Angemfukia mama yake juujuu, kama mtu anayeficha viazi. Akavua shati, akachukua sululu, akaenda nyuma ya nyumba, kando ya kaburi la baba yake.

Pigo la kwanza lilirudi hadi kwenye meno. La pili likatoa kipande cha udongo kinachotosha kujaza kikombe. Wanaume walihamia upande ule ili wamwone, wakakaa, na kwa kuwa utani wa huku hauna likizo, walianza.

"Mheshimiwa, hapo umeikuna tu."

"Mwacheni, anaomba mwongozo wa Spika."

Kufikia adhuhuri shimo lilikuwa limefika kwenye vifundo vya miguu. Malengelenge yalikuwa yametokea, yamepasuka, na mpini wa sululu ulikuwa na rangi ya damu. Hakuna aliyekuwa anatania tena. Walikuwa wanatazama chini, kila mmoja akitamani mwingine aseme basi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuvunja kanuni.

Milembe ndiye aliyekuwa na akili siku ile. Alichukua simu ya mumewe, akajificha nyuma ya zizi, akampigia Sayi. Simu iliyokuwa zamani haipatikani wiki nzima ilipokelewa mlio wa kwanza. Tangu Agosti haikuwa na kazi nyingi.

"Mheshimiwa, mama yake Ngassa amefariki," Milembe akasema. "Safari hii hakuna wa kumtuma. Uliyekuwa ukimtuma ndiye mfiwa."

Saa nane mchana bodaboda ikasimama mbele ya nyumba, akashuka mtu mnene aliyejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Watu walichukua muda kumtambua, kwa sababu kwenye kalenda alikuwa na suti. Hakujua pa kukaa, hakujua ampe nani mkono kwanza. Apolonia alimkuta palepale na daftari.

"Mwadila, baba," akamsalimu. "Nikuandike nani?"

"Deogratias Sayi."

"Ah," Apolonia akasema, akimtazama kwa heshima mpya. "Wewe tunaye. Huu ni wa sitini na mbili."

Ilibidi aelezwe mara mbili. Alipoelewa alicheka kidogo, na alipopelekwa nyuma ya nyumba na kumwona Ngassa ndani ya shimo, mgongo wazi, vidole vinavuja damu, hakucheka tena.

Salu akakuna kichwa. Hapa pana kesi, alisema. Mahudhurio ni ya Sayi, mwili ulikuwa wa Ngassa, na kuchimba hakuchimba yeyote. Kwa maoni yake hawa ni mtu mmoja aliyegawanyika, na kanuni inamtaka mtu mzima. "Mheshimiwa, vua viatu."

Mheshimiwa akavua viatu, na soksi, akazikunja soksi na kuzitia ndani ya viatu kwa uangalifu uliowachosha watu. Akapewa jembe. Alichimba kama mtu anayekoroga chungu, na mara ya tatu nusura amkate mwenzake kidole cha mguu. Lakini alichimba. Baada ya nusu saa walikuwa wamefika magotini, wote wawili wanahema.

"Sitini na mmoja," Sayi akasema, akiegemea mpini. "Ni akina nani hao niliowazika?"

Ngassa hakuacha kupiga sululu. Pengine kama angekuwa amekaa asingeweza kujibu. "Mzee Gamaya wa kisimani," akasema. "Huyo ndiye wa kwanza."

"Nilisema nini?"

"Ulilia."

"Mimi?"

"Kidogo. Kisha Limbu aliyepigwa na radi. Kisha mapacha wa Elizabeth, mmoja Jumatatu, mwingine Alhamisi. Hao sikuwasemea neno lako lolote. Nilishindwa. Kisha Jilala, yule aliyekuwa akiimba wakati wa kupalilia."

Aliendelea. Hakuwa anawaambia wale waliokaa; alikuwa amewapa mgongo. Jina, pigo, udongo. Jina, pigo, udongo. Aliwataja kwa mpangilio wa kufa kwao, na kila mmoja na kitu chake: aliyekuwa na kikohozi kilichosikika hadi barabarani, aliyewanyima mbwa wake mifupa, msichana aliyekufa siku moja kabla ya matokeo ya darasa la saba. Waliokaa walisogea karibu na ukingo. Waliotajwa walikuwa baba zao na dada zao, na miaka mingi ilikuwa imepita tangu mtu yeyote awataje hadharani.

"Holo, mke wa Salu," Ngassa akasema. "Mwezi wa nne, mvua inanyesha. Ulisema mwanamke aliyelisha watoto wa jirani mwaka wa njaa na kuwaambia wa kwake kwamba ameshashiba, huyo hafukiwi akaisha."

Sayi alikuwa amesimamisha jembe. "Mimi nilisema hayo?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Ngassa, huyo mama sikumfahamu."

"Mimi nilimfahamu," Ngassa akasema.

Salu alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha akanyanyuka, akaenda kwake hatua chache tu ng'ambo ya ua, akarudi na jembe, na bila kumtazama mtu akashuka shimoni.

"Mwenyekiti," mmoja akamkumbusha, "bado kiunoni."

Salu alitazama shimo, lililokuwa limeishia juu kidogo ya magoti yake. "Kwangu limefika," akasema.

Hakuna aliyepima. Mtoto wa Gamaya akaja na sululu. Mume wa Elizabeth akaja. Wawili au watatu walibaki wamekaa, wakisema kanuni ni kanuni, na hao nao Apolonia aliwaangalia mpaka wakakumbuka kwamba nyumbani wana machepe. Walichimba kwa zamu. Walimtoa Ngassa nje kwa nguvu, akawa anataka kurudi, wakamkalisha chini kwenye udongo uliotolewa. Alipouliza limefika wapi, Salu alinyoosha mkono juu kutoka ndani, na ncha za vidole vyake hazikufika ukingoni.

Wakamzika Kwandu jua likiwa bado juu ya vilima. Katekista akasali. Kisha kwa mazoea tu watu wakamgeukia Mheshimiwa Sayi, wakisubiri maneno. Sayi alitikisa kichwa, akasema mwenye msiba ndiye aseme.

Ngassa akasimama. Magoti yalikuwa na udongo, shati hakuwa amelivaa vizuri. Huyu ni mtu aliyewahi kuongea misibani robo saa bila karatasi, kuhusu watu ambao wengine hawakukumbuka hata majina yao. Watu wakajisogeza ili wasikie vizuri. Alifungua mdomo, akatafuta mwanzo wake, ule wa ndugu zangu wafiwa, na akaona kwamba mfiwa ni yeye.

"Mama yangu amekufa," akasema.

Akajaribu kuongeza kitu, kikakataa. Akalia kwa sauti, mdomo wazi, mbele ya kitongoji kizima, kama hakuwahi kulia msibani hata mara moja, na kweli hakuwahi. Kwa desturi hapo ndipo mtani huingia na mzaha, amchekeshe mfiwa apate kupumua. Watu wote walimtazama Salu. Salu akamwendea binamu yake. Akamshika mkono, ule wenye malengelenge, akaushika kwa chini, pasipochubuka, na akakaa naye hivyo mpaka chakula kikaletwa.